Mwenye Pipi Hasemi

Watoto wa pale hospitalini walimwita Mama Pipi. Manesi walimwita Dada wa Matamshi. Mimi kwa siku nyingi sikumwita chochote, maana sikuwa na neno la kumwitia. Nilitazama tu upindo wa gauni lake, uliokuwa umefumuka upande mmoja, na roho ikaniuma. Mimi ni fundi cherehani, suti za wanaume, na upindo unaoning'inia hunikosesha raha hata msibani. Yeye wala hakuwa na habari. Macho yake yalikuwa kwa watu, nguo baadaye, na ndiyo maana leo namwandika.

Naandika kwa mkono wa kushoto, mistari michache kwa siku, na kitinda mimba wangu anasahihisha. Akianza kusahihisha mpaka matusi yangu, tunagombana.

Ilianza hivi. Asubuhi moja nilikuwa nimeinamia meza ya kukatia, koti la bwana harusi mbele yangu, nikataka kumwambia mke wangu anipe chaki. Kilichotoka mdomoni hakikuwa chaki wala hakikuwa neno. Mke wangu akacheka, akidhani nafanya utani wangu wa kila siku. Kisha akaona mkasi umeniponyoka na upande mmoja wa uso umeshuka, akaacha kucheka. Kiharusi. Nilipozinduka wodini, mkono wa kulia ulikuwa mzito kama pasi ya mkaa, na katika maneno yote niliyowahi kuwa nayo, nami nilikuwa nayo mengi kupita kiasi, yalikuwa yamebaki mawili tu. La kwanza ni "ndiyo". La pili, Mungu naye ana utani wake, ni "njoo kesho".

Aliyewahi kupeleka kitambaa kwa fundi anaijua hiyo njoo kesho. Nimeisema maisha yangu yote, nguo ikiwa tayari, nguo ikiwa haijakatwa hata mkono mmoja. Daktari akiniuliza, "Mzee, unasikia maumivu wapi?" namjibu, "Njoo kesho." Nesi akija na sindano, njoo kesho. Shemeji yangu alikuja kuniombea dua, akafumba macho, akaomba kwa kirefu, na alipofumbua tu nikamwambia njoo kesho. Alinuna mpaka mlangoni. Wodi nzima ilicheka, na mimi ningecheka nao kama mgonjwa angekuwa mwingine.

Kichwani nilikuwa mzima. Nilisikia kila kitu, nilielewa kila kitu, mpaka umbea wa manesi nilikuwa naufuatilia. Ila watu wakikuuliza kitu ukajibu upuuzi, baada ya siku chache wanaanza kuongea juu yako huku wakikutazama, kana kwamba wewe ni kabati. Nilikasirika sana. Hasira nayo ilitoka kwa maneno yale yale mawili.

Na hiyo "ndiyo" yangu ndiyo iliyoniponza. Kifungua mimba wangu anafanya kazi ofisi ya bima, mji mwingine. Ni mtoto mwema, ila ana haraka; hata kuzaliwa alizaliwa mkunga bado anatafuta maji ya moto. Alipopata habari alikuja mbio, akakaa kitandani pangu, akanishika mkono.

"Baba," akasema, "umehangaika vya kutosha. Tumepata mtu wa kuchukua duka, yule kijana muuza simu wa jirani yako. Wewe na mama mnahamia kwangu, mnapumzika. Umekubali, baba?"

Nilitaka kusema hapana. Neno lilikuwepo, nililiona kabisa limesimama mlangoni. Mdomo ukasema, "Ndiyo." Nikaingiwa na hofu, nikajaribu tena kwa nguvu zangu zote: "Ndiyo! Ndiyo! Ndiyo!" Nikapiga godoro kwa mkono mzima. Mwanangu akafuta machozi, akamgeukia mama yake. "Umemwona baba alivyofurahi?"

Wahenga walisema mdomo huponza kichwa. Wangu uliponza duka. Ni chumba kimoja tu, mlango wa mbao, cherehani mbili, kioo kirefu chenye ufa, na meza ya kukatia ambayo pembe zake zimelainika kwa tumbo langu. Mle ndani ndimo nilimojifunza kazi, ndimo mke wangu alimokuja kushonesha sketi akaishia kushonewa maisha. Wanangu wamelelewa juu ya mabaki ya vitambaa chini ya meza ile. Kabla ya jioni muuza simu alikuwa amepewa ufunguo wa akiba na kupewa mkono, akaambiwa mwisho wa mwezi tutakuwa tumetoa vitu. Mimi nimelala wodini natazama dari, nimekubali.

Kilichoniokoa ni utaratibu wa hospitali. Daktari alisema siruhusiwi kuondoka mpaka nipimwe usemi. Mwanangu akaona ni kupoteza muda, lakini akanisukuma kwenye kiti cha magurudumu mpaka mwisho wa korido, mama yake nyuma amebeba kandambili zangu.

Chumba cha Mama Pipi zamani kilikuwa stoo ya plasta, na unga mweupe bado ulikuwa umekaa kwenye nyufa za sakafu. Kulikuwa na viti vidogo vya watoto, kioo ukutani kwa kimo cha mtoto, tochi, sanduku la midoli iliyopungukiwa mikono, na juu ya kabati kopo kubwa la pipi. Alinifungulia mlango yeye mwenyewe, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba," nikasema.

Tukashtuka sote. Neno limetoka safi kama la mtu mzima wa afya! Mke wangu akaanza kumshukuru Mungu kwa sauti. Mama Pipi akatabasamu tu, akasema hiyo haijaombwa, imejitokea yenyewe. Kuna maneno mdomo umeyazoea hata hauulizi ubongo. Kisha akateremsha kopo, akampa mke wangu pipi moja na mwanangu moja. Zilikuwa pipi ngumu, kubwa kama vifungo vya koti la baridi.

"Ni sheria ya chumba," akasema. "Mwenye pipi hasemi. Mpaka iishe."

"Mimi si mtoto, dada," mwanangu akasema.

"Najua. Mganga mkuu alipomleta mama yake hapa, naye nilimpa. Nikimuuliza mgonjwa, jamaa zake wanajibu kabla yeye hajavuta pumzi. Wanampenda. Sasa mimi naishia kupima mapenzi yao, mgonjwa simpimi."

Mwanangu akaitia pipi mdomoni. Shavu likavimba, na kwa mara ya kwanza tangu niugue kukawa na kimya.

Baadaye, tulipozoeana, nilijua alikotoka mwanamke huyu. Kwao walizaliwa wasichana saba, wote wasemaji isipokuwa yeye. Mezani hakuwahi kupata zamu ya kumaliza sentensi, basi akazoea kutazama mikono: nani anataka chumvi, nani ameudhika, nani anaficha kitu. Akawa nesi. Siku moja likatoka tangazo la masomo ya tiba ya usemi, na hakuna aliyelitaka. Aliomba yeye, na sababu hakuificha: alikuwa amechoka na zamu za usiku. Mkuu wake wa wodi alicheka mpaka akashika ukuta. "Wewe? Wewe uende kusomea kuongea?"

Mumewe ni mwalimu wa udereva na anapiga kelele za watu wawili. Mtoto wao mdogo, wakati ule, alikuwa bado anasema "gali" na "lafiki", na majirani walimtania Mama Pipi kwamba mganga hajigangi. Yeye anajibu, "Umri wake bado, muacheni." Hakuwa na haraka hata na wa kwake.

Basi akaanza kunipima. Nami ni mpimaji kwa kazi yangu, nikamtazama kwa jicho la fundi, nikasema moyoni, haya, tuone. Alinimulika kinywani kwa tochi. Toa ulimi, upeleke kulia, upeleke kushoto, vimbisha mashavu, piga mluzi. Ulimi ulikwenda vizuri. Akanihesabia moja, mbili, akanyamaza, nami nikashangaa kusikia tatu, nne, tano zikitoka zenyewe kama punje za shanga zilizokatika. Akanionyesha picha ya paka niiseme. "Njoo kesho," nikasema. Hapo alicheka, tena si kicheko cha kuficha. "Fundi wangu naye ndivyo anavyoniambia! Mwezi wa pili huu!" Nikapenda kicheko chake, ingawa fundi huyo nilitamani kumfahamu nimchape.

Kisha akapanga mezani kijiko, kitana na kikombe. "Mzee, tia kijiko ndani ya kikombe, halafu nipe kitana." Nikafanya kwa mkono wa kushoto. Akarefusha maneno, akayapindapinda, nami nikamfuata hatua kwa hatua. Nilijiona mwanafunzi bora.

Ndipo akaja kwenye maswali. "Wewe ni fundi cherehani?"

"Ndiyo."

"Una mke?"

"Ndiyo."

"Wewe ni mwanamke?"

"Ndiyo," nikasema, jasho likanitoka.

"Huyu aliyekaa hapa ni mama yako mzazi?"

"Ndiyo!"

Mke wangu nusura ameze pipi nzima nzima. Mwanangu uvumilivu ukamwishia, akaitafuna yake kwa kishindo, akasema, "Dada, si unaona? Baba amechanganyikiwa kabisa. Tunakuchosha bure." Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Machozi yalinilengalenga, na si aibu kusema hivyo.

Mama Pipi alinyoosha mkono, akachukua pipi nyingine, akamkabidhi.

Kisha akanyamaza. Kunyamaza kwake si kama kwa watu wengine. Hakutazama saa wala hakupekua karatasi. Alikuwa anautazama mkono wangu wa kushoto. Mimi mwenyewe sikuwa nimeuona. Kwenye ndiyo mbili za kwanza ulikuwa umetulia. Kwenye hizi za mwisho ulikuwa unapangusa paja, pangu pangu, kama ninavyopangusa kitambaa kibovu mteja akiniletea.

Akasogeza vitu viwili mbele yangu. "Mzee wangu, tuuache mdomo useme unachotaka. Kama jibu ni la kukubali, gusa kikombe. Kama ni la kukataa, gusa kitana. Wewe ni mwanamke?"

"Ndiyo," mdomo ukasema. Mkono ukashika kitana.

"Huyu ni mama yako?" Kitana. "Ni mke wako?" Kikombe. "Jiwe linaelea majini? Shati lina mikono miwili? Koti linavaliwa ndani ya shati?" Aliendelea hivyo kwa muda mrefu, akibadilisha mpangilio, akiuliza jambo moja kwa namna mbili ili asiridhike na bahati. Mdomo wangu ulisema ndiyo, ndiyo, ndiyo bila kupumzika. Mkono haukukosea hata mara moja.

"Anaelewa," akasema mwishoni, akiwageukia. "Kuna watu kiharusi kinawavuruga kuelewa. Kuna wengine ulimi unalegea. Huyu kuelewa kuko sawa, ulimi uko sawa. Neno analo, ila njiani linabadilishwa, linatoka jingine. Ndiyo yake msiiamini. Uaminini mkono."

Mwanangu alikuwa amesimama. Pipi ya pili ilimdondoka mdomoni, ikabingirika chini ya kabati, na hakuiona. "Baba," akasema polepole, mtoto yule ambaye hajawahi kufanya kitu polepole. "Duka. Ulikubali kweli?"

Nilikinyakua kile kitana nikakigonga mezani. "Ndiyo! Ndiyo! Ndiyo!" Nilikigonga mpaka jino la kitana likaruka. Mke wangu akaangua kilio, akanikumbatia pamoja na kiti cha magurudumu. Mwanangu alipiga magoti palepale kwenye unga wa plasta, na suruali niliyomshonea mwenyewe ikawa nyeupe magotini.

Ungedhani mambo yangeishia hapo. Muuza simu alikataa. Si mtu mbaya, ila alikuwa ameshatengenezesha rafu za vioo na kuwatangazia wateja. "Kaka," alimwambia mwanangu, "uliniambia mzee kakubali kwa mdomo wake. Leo unaniletea habari za kikombe cha kukubali na kitana cha kukataa. Mimi sikupatana na kitana. Akikataa kwa mdomo wake huo huo, ufunguo narudisha. Asipokataa, mwisho wa mwezi naingia." Na ukiondoa hasira yangu, hoja alikuwa nayo.

Basi kazi ikawa ni neno moja. Nilikwenda chumba kile siku baada ya siku, mke wangu na pipi yake pembeni, amenenepa mashavu. Mama Pipi alinifundisha kwanza kuibana ndiyo isitoke. Funga mdomo. Vuta pumzi. Sukuma meza kwa kiganja kama unamsukuma mtu, na pumzi itoke nayo: ha. Kwa siku kadhaa nilichotoa kilikuwa ni pumzi tu, kama mbwa mwenye kiu. Nilikata tamaa, nikasukuma kikombe kikaanguka. Hakunibembeleza wala hakunigombeza. Aliokota kikombe, akakaa, akangoja. Kungoja kwake kunakera, nawaambia, mpaka unajaribu tena ili tu atosheke.

Hapana ilitoka mara moja, nusu, siku ambayo sikuihitaji. Kesho yake nikaitafuta sikuiona. "Imeonyesha inaishi wapi," akasema. "Itarudi." Nilimchukia kidogo kwa utulivu ule.

Mwisho wa mwezi muuza simu akaja hospitalini, shati limepigwa pasi, ufunguo mkononi. Mama Pipi akampokea, akampa pipi.

"Mimi nimekuja kuongea," akasema.

"Uliza swali lako moja, halafu uitie mdomoni."

Akaniinamia. Sauti yake ilikuwa ya adabu, na hilo lilinitia hofu zaidi. "Shikamoo, mzee. Niambie mwenyewe. Duka nichukue?"

"Ndiyo," mdomo ukasema.

Muuza simu akainua mikono. "Mmesikia?" Mwanangu akageukia ukuta. Mke wangu akaziba uso kwa khanga. Mama Pipi akamwonyesha muuza simu pipi aliyoishika, akangoja mpaka akaitia mdomoni. Kisha akanitazama mimi, akakaa kimya, kana kwamba hakuna jibu lililokwisha kutolewa.

Nilifunga mdomo. Nikaiona ile meza yangu, pembe zake, watu wakiibeba kuitoa nje miguu juu. Ndiyo ikaja mbio, nikaibana kwa meno. Nikaweka kiganja mezani nikasukuma. "Ha," nikasema. "Ha. Hapa. Hapana."

Ilikuwa sauti yangu. Nzito kidogo, lakini yangu.

"Hapana," nikasema tena, nisije nikaipoteza. "Hapana! Hapana! Hapana!" Nikamwambia muuza simu, nikamwambia mwanangu, nikaiambia na dari. Mwanangu alikuwa anaruka. Sijapata kuona mtu akikataliwa akashangilia namna ile. Mke wangu analia na kucheka, pipi imemkwama shavuni. Na Mama Pipi, mtulivu yule, alifungua mlango akaita koridoni, "Njooni! Mzee wangu amekataa!" Manesi wawili wakaja mbio wakidhani nimekataa dawa, wakaanza kunibembeleza.

Muuza simu aliweka ufunguo mezani. Alikuwa ameinamisha kichwa. Akaihamisha pipi upande mmoja wa shavu. "Mzee, nimekusumbua ukiwa mgonjwa. Sikujua. Umenisamehe?"

"Hapana!" mdomo ukasema kwa furaha, maana sasa ulikuwa umelipata neno na hautaki kuliachia.

Uso wake ukasawijika. Mimi nikaanza kuhangaika, nikatafuta neno jingine, sikulipata, na mdomo ukaongeza, "Hapana, hapana."

Kijana yule akaangalia chini. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa umekishika kwa nguvu kile kikombe cha kukubali pale mezani. Akakitazama, akanitazama mimi. Akaweka mkono wake juu ya wangu, kikombe katikati.

"Ahsante, mzee," akasema. "Nimesikia."